Fielder NZE141: amplifaya inajizima besi ikipiga, spika zinalia pamoja na injini, betri inaisha kwa siku mbili. Nianze kupima wapi?

Tabata_Fielder

Habari zenu wakuu. Naomba mpangilio wa kupima, maana kila ninayemuuliza ananitajia kifaa cha kununua.

Gari ni Toyota Fielder NZE141. Redio ni ya skrini ya Android, inchi 9. Amplifaya ni ya chaneli 4, ubavuni ina fyuzi mbili za ampea 30. Chaneli 1 na 2 zinaendesha spika za milango ya mbele, inchi 6.5. Chaneli 3 na 4 zimeungwa briji (zinafanya kazi kama chaneli moja) na kuendesha sabufa moja ya inchi 12 yenye koili mbili za omu 4 kila moja. Waya wa umeme kutoka betri umeandikwa geji 8, umepita chini ya kapeti upande wa kushoto hadi kwenye buti, na fyuzi yake iko nyuma karibu na amplifaya. Waya wa hasi umefungwa kwenye bolti ya siti ya nyuma. Betri ni NS60, bado mpya.

Shida zenyewe:

– Nikipandisha sauti, besi ikipiga mara mbili tatu amplifaya inawasha taa nyekundu ya PROTECT na kukata. Nikizima na kuwasha inarudi.
– Injini ikiwaka, spika za mlangoni zinatoa mlio mwembamba unaopanda kadiri ninavyokanyaga mafuta. Injini ikizimwa, kimya.
– Gari likilala siku mbili bila kuwashwa, stata haizungushi, mpaka nibustiwe.

Fundi ameshauri kapasita ya faradi 1, kichujio cha kelele kwenye nyaya za RCA (zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya), na betri kubwa zaidi. Nina mita ya kawaida ya njano (DT830). Nianzie wapi?

---

Mshikamita

Mkuu, hizo ni shida tatu na kila moja ina njia yake ya kupimwa, ingawa zinaweza kukutana kwenye waya mmoja wa hasi. Usinunue chochote kwa sasa.

Kabla ya kupima kuna jambo la hatari: fyuzi kukaa nyuma. Fyuzi ya hapo inailinda amplifaya, lakini waya wako wa mita nne au tano hauna ulinzi wowote. Unapita kwenye tundu la bati, chini ya kapeti, chini ya siti. Ukichubuka popote kabla ya kufika kwenye fyuzi, betri nzima inamwaga umeme kwenye bodi na waya ndio unaoshika moto. Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, na ukubwa wake ufuate unene wa waya, si wati zilizoandikwa kwenye boksi la amplifaya. Kwa waya ulio nao leo, weka ya ampea 40.

Sasa PROTECT. Angalia inawaka wakati gani. Ikiwaka mara tu unapowasha redio, hata sauti ikiwa sifuri, waya wa spika umegusa bodi au transista za kutolea sauti zimeungua. Ikiwaka baada ya nusu saa na amplifaya ikawa ya moto huwezi kuishika, ni joto. Ikiwaka pale tu besi inapopiga, kama yako, sababu kubwa ni mbili: omu za sabufa ni chache mno, au volti zinaporomoka. Zote mbili unazipima kwa mita hiyo hiyo uliyonayo.

Anza na omu. Zima kila kitu, chomoa nyaya za sabufa kwenye amplifaya, weka mita kwenye omu 200, gusanisha ncha zake kwanza uone zinasoma ngapi zenyewe (0.3 hadi 0.5 kwa kawaida), kisha pima nyaya za sabufa na utoe hiyo. Sabufa ya omu 4 kwa mita husoma 3.2 hadi 3.8. Koili zako mbili zikiungwa sambamba zitasoma kati ya 1.6 na 1.9, yaani ni omu 2. Zikiungwa mfululizo zitasoma kama 7. Amplifaya nyingi za chaneli 4 zikiwa kwenye briji haziruhusu chini ya omu 4. Ukiipa omu 2, kila chaneli inaona omu 1. Hapo inajizima kuokoa transista, na inafanya kazi yake sawasawa. Mpaka gani ni wa kwako, soma maandishi yaliyo karibu na terminali za spika.

Halafu volti. Hapa wengi wanapotea, kwa sababu wanapima amplifaya ikiwa imetulia. Waya mbovu usiobeba mzigo husoma 14 kama waya mzima. Lazima upime mzigo ukiwepo. Weka kwenye flashi sauti ya toni ya 50 Hz, washa injini, pandisha mpaka karibu na pale inapokata, na usiiache ipige zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja maana koili ya sabufa inapata moto haraka kwa toni isiyokatika. Muziki wa kawaida haufai kwa kipimo hiki, namba za mita zinarukaruka. Pima mara nne, mita ikiwa DC volti 20:

1. Kwenye nguzo za betri zenyewe, chanya na hasi.
2. Kwenye terminali za amplifaya, chanya na hasi.
3. Chanya ya betri hadi chanya ya amplifaya (utahitaji kuunga waya mrefu kwenye ncha ya mita).
4. Hasi ya betri hadi hasi ya amplifaya.

Kipimo cha 3 kinakupa volti zinazopotea njiani upande wa chanya, cha 4 upande wa hasi. Ukitoa hizo mbili kwenye kipimo cha 1 unatakiwa upate kipimo cha 2, isipolingana, rudia. Jumla ya zinazopotea isizidi nusu volti, na upande wa hasi peke yake usizidi 0.1 au 0.2.

---

Nyali_Sauti

Hapo kwenye kapasita sijaelewa kwa nini unaikataa. Magari mengi huku Mombasa yamewekewa na taa za mbele zinaacha kufifia besi ikipiga.

---

Mshikamita

Ndugu, piga hesabu. Kapasita ya faradi 1 ikishuka kutoka volti 14 hadi 12 inatoa juli 26 tu. Amplifaya inayovuta wati 600 inazimaliza kwa sehemu 4 za mia za sekunde. Besi moja ndefu inazidi hapo mara kadhaa, na baada ya hapo kapasita yenyewe inageuka mzigo unaotaka kuchajiwa kupitia waya ule ule mwembamba. Inasaidia kulainisha mishtuko mifupi kwenye mfumo ambao nyaya zake tayari ni nzima. Volti mbili zikiwa zinapotea kwenye bolti yenye rangi, kapasita hairudishi hata moja.

---

WayaMweusi

Naongezea upande wa mlio.

Kwanza shusha sauti ya redio hadi sifuri, injini ikiwaka. Mlio ukibaki vile vile, unaingia baada ya redio: kwenye RCA, hasi, au amplifaya yenyewe. Ukipanda na kushuka pamoja na sauti, unatoka kwenye chanzo, mara nyingi simu inayochajiwa kwenye gari huku imechomekwa AUX.

Ukibaki, zima redio, chomoa RCA kwenye amplifaya, washa tena. Kukiwa kimya, amplifaya na nyaya za spika hazina kosa. Kisha leta simu isiyo kwenye chaja, iunge moja kwa moja kwenye amplifaya kwa waya wa 3.5 kwenda RCA. Ikiwa safi, kilichobaki ni redio na hasi yake.

Hatua ya tatu watu huiruka. Weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye ganda la nje la RCA kwenye redio, nyingine kwenye bati la redio. Inatakiwa kusoma chini ya omu 1. Ikisoma makumi au isisome kabisa, njia ya hasi ya RCA ndani ya redio imeungua. Huungua hivi: mtu analegeza hasi ya amplifaya huku chanya na RCA zimechomekwa, umeme wote wa amplifaya unatafuta njia ya kurudi, unaipata kwenye wavu mwembamba wa RCA, unapita hadi kwenye redio na kukata fyuzi ndogo au njia ya shaba kwenye bodi yake. Kwa hiyo utaratibu wa kufungua ni: fyuzi kuu kwanza, RCA pili, hasi mwisho. Kufunga ni kinyume chake.

Oltaneta yenyewe inaweza kuwa na daiodi iliyokufa, lakini kwa DT830 hutaiona. Kiwango chake kidogo zaidi cha kupima AC ni volti 200, wakati mawimbi tunayoyatafuta ni chini ya volti moja. Na mita nyingi za bei ndogo zikipimwa AC kwenye betri huonyesha 26 au 28, namba ya uongo inayotokana na DC. Tafuta mita yenye AC ya milivolti na inayozuia DC: injini ikiwaka na taa kubwa zikiwaka, chini ya volti 0.1 ni nzuri, ikikaribia 0.5 peleka oltaneta ikafunguliwe.

Kuhusu kutenganisha RCA na waya wa umeme, tenganisha, kushoto na kulia, na zikikutana zikatizane kwa msalaba. Ila mlio unaofuata injini mara nyingi sana ni hasi, si ukaribu wa nyaya. Na kile kichujio cha RCA kina vitransfoma vidogo ndani, kinakata mlio pamoja na besi ya chini. Sikipendi kwenye waya unaokwenda kwa sabufa.

---

Kibanda_cha_Betri

Betri kubwa itakuongezea siku moja ya kulala, basi. Kinachokula bado kipo.

Kipime hivi. Funga milango yote. Mlango unaouhitaji wazi, sukuma kufuli lake kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa. Ufunguo nje. Ncha nyekundu ya mita ihamie kwenye tundu la 10A, kitufe kwenye 10A, legeza klampu ya hasi ya betri na uweke mita katikati ya nguzo na klampu. Subiri nusu saa, maana kompyuta za gari na redio hazilali papo hapo. Tundu la 10A la DT830 halina fyuzi: usiwashe switchi, usijaribu stata mita ikiwa hapo, utaunguza mita na nyaya zake mkononi.

Gari zima lisome milliampea 20 hadi 50. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja uone ipi inashusha. Njia nyingine isiyoamsha kompyuta ni kuacha fyuzi mahali pake na kugusa vidoti viwili vya chuma mgongoni mwake, mita ikiwa kwenye milivolti 200. Fyuzi ya ampea 10 inayopitisha ampea 0.1 itaonyesha kama milivolti 0.7. Fyuzi isiyopitisha kitu ni sifuri.

Kwenye mifumo ya aina yako ninaangalia sehemu mbili kabla ya nyingine zote. Waya wa rimoti wa amplifaya (bluu-nyeupe, unaoiamuru iwake au izime): ufunguo ukiwa nje upime kwenye amplifaya, lazima usome sifuri. Ukisoma 12 umeungwa kwenye waya wa njano (chanya ya kudumu) badala ya kwenye AMP-CON ya redio (waya wa kuwashia amplifaya), na amplifaya haizimiki kamwe. Ikiwa imetulia bila kupiga chochote, inaweza kula ampea nzima. Ya pili ni redio yenyewe ya Android: mara nyingi haizimi bali inalala, na ikiwa na laini ya simu au wifi wazi inaendelea kula. Pia angalia njano na nyekundu (ACC, umeme unaokuja ufunguo ukigeuzwa tu) zisiwe zimeungwa pamoja nyuma ya redio. Wengine hufanya hivyo ili redio iwake bila ufunguo.

Kwenye soketi ya Toyota ya pini 10, chanya ya kudumu huwa bluu-njano, ya ACC kijivu, hasi kahawia. Hata hivyo pima kila waya kabla ya kuamini rangi, gari likiwa limeshapita mikononi mwa mafundi wengine huwezi kujua nini kiliunganishwa na nini.

---

Tabata_Fielder

Asanteni sana wakuu, nimepima zote. Namba ni hizi.

Sabufa, baada ya kutoa omu za mita: 1.8.
Injini ikiwaka, toni ya 50 Hz karibu na kukata: betri 13.6, amplifaya 11.4. Upande wa chanya zinapotea 0.9. Upande wa hasi 1.3.
Mlio: sauti sifuri unabaki. Nikichomoa RCA, kimya. Simu moja kwa moja, kimya. Ganda la RCA hadi bati la redio: 0.4.
Betri usiku: ampea 0.92 baada ya nusu saa. Nikichomoa waya wa rimoti, 0.14. Nikichomoa na fyuzi ya redio, 0.03. Rimoti kweli inasoma 12.4 ufunguo ukiwa nje.

Waya nimeukwangua kwa kisu: nje rangi ya shaba, ndani ni mweupe.

---

Mshikamita

Namba nzuri, na zinalingana: 13.6 ukitoa 0.9 na 1.3 unapata 11.4 kamili. Kwa hiyo vipimo vyako vinaaminika.

Tazama hasi kwanza. Waya wa hasi hauzidi nusu mita lakini unapoteza volti nyingi kuliko waya wa chanya wa mita tano. Urefu huo hauwezi kula 1.3, kwa hiyo ni mgusano: bolti ya siti imekaa juu ya rangi na gundi ya kiwandani, na inagusa bati kwa nyuzi zake tu. Chagua bati nene la sakafu au la nguzo, angalia chini kusiwe na tangi la mafuta wala bomba la breki kabla ya kutoboa. Piga msasa hadi chuma king'ae kwa upana wa sarafu kubwa, tumia kichwa cha waya cha tundu la milimita 8 kilichobanwa kwa koleo lake (si nyuzi zilizozungushwa kwenye bolti), washa ya meno, nati, kisha paka rangi au grisi juu ili kutu isiingie. Bolti za mikanda ya usalama usiziguse.

Chanya: weupe ndani maana yake ni alumini iliyopakwa shaba, na hiyo ina ukinzani wa karibu mara moja na nusu ya shaba. Shaba tupu ya geji 8 ni milimita za mraba 8.4, kwa mita 5 na ampea 60 inapoteza volti 0.6 hivi. Geji 4 ya shaba, milimita za mraba 21, inapoteza 0.25. Fyuzi zako ni 30 mara mbili, kwa hiyo geji 4 ya shaba ndiyo saizi yake, chanya na hasi zote, na fyuzi ya ampea 80 pale mbele. Unaponunua usitazame unene wa plastiki, mwombe muuzaji achune ncha: kifungu cha chuma kiwe karibu milimita 6, na ukikwangua uzi mmoja ubaki mwekundu hadi ndani.

Sabufa: 1.8 ni koili mbili sambamba, omu 2 kwenye briji. Ziunge mfululizo: chanya ya amplifaya kwenye chanya ya koili ya kwanza, hasi ya koili ya kwanza kwenye chanya ya koili ya pili, hasi ya koili ya pili kwenye hasi ya amplifaya. Mita isome karibu 7.2. Utapata takribani nusu ya wati ambazo amplifaya hiyo ingetoa kwenye omu 4, lakini besi itapiga usiku kucha bila kukata. Ukiona haitoshi, dawa ni amplifaya ya chaneli moja inayokubali omu 2, na huo ni ununuzi wa maana kuliko kapasita.

Ukishamaliza panga geini (kirekebishi cha ukuzaji sauti kwenye amplifaya) upya, kwa sababu wengi huikaza hadi mwisho kufidia volti zilizokuwa zinapotea. Chomoa spika, redio robo tatu ya sauti, besi na treble sifuri. Volti za AC unazozitafuta ni kipeuo cha pili cha jibu la wati mara omu: chaneli ya wati 75 kwa omu 4 ni volti 17.3. Kwa milango tumia toni ya 400 Hz, kwa sabufa 50 Hz. DT830 kwenye AC 200 inatosha hapa.

---

Kibanda_cha_Betri

Kwa 0.92, NS60 yenye ampea-saa 45 inaisha kabisa ndani ya saa 49. Ndizo siku zako mbili. Hamisha waya wa rimoti uende kwenye AMP-CON, utakuwa umeondoa 0.78. Redio inakula 0.11, ingia kwenye mipangilio yake, tafuta muda wa kuzima baada ya ACC kukatika, weka izime papo hapo badala ya kulala. Asubuhi itachelewa kuwaka nusu dakika hivi. Betri hiyo imeshaishiwa mara kadhaa, kwa hiyo ichaji kwa chaja ya ukutani usiku mzima, iache saa kadhaa bila mzigo, ipime. Ikisoma 12.6 bado ni nzima. Ikibaki chini ya 12.4, ipeleke ikapimwe mzigo kabla hujalaumu kitu kingine.

---

WayaMweusi

Mlio wako ni hasi mbili zisizolingana. Redio inapata hasi mbele kwa waya wa kahawia, amplifaya inapata nyuma kupitia bolti yenye rangi, na tofauti kati yao inapita kwenye wavu wa RCA. Redio yako haijaungua, 0.4 inatosha. Mawimbi ya RCA ni volti 2 hadi 4 tu sauti ikiwa juu, kwa hiyo milivolti chache za oltaneta zikiingia humo sikio linazisikia wazi.

Ukishatengeneza hasi ya nyuma, washa injini usikilize kabla ya kugusa kitu kingine. Mlio ukiwa umepungua bila kuisha, toa hasi ya redio kwenye soketi na uipe waya wake wa milimita za mraba 2.5 hadi kwenye bati lililopigwa msasa nyuma ya dashibodi, halafu shusha geini ya milango. Chomoa RCA kabla ya kuikata hasi hiyo ya redio.